Podikasti ya kufikirisha inahitaji kikundi cha kuijibu

Mwishoni mwa miaka ya 1990 mwanaanthropolojia wa Kimarekani, Richard McElreath, aliwakalisha wakulima na wafugaji wa Usangu kwenye mchezo mmoja rahisi wa fedha. Mtu wa kwanza anapewa kiasi cha pesa na kutakiwa amgawie mwenzake asiyemjua. Huyo wa pili ana neno moja tu: akikubali, kila mmoja anaondoka na fungu lake, akikataa, wote wawili wanatoka mikono mitupu. Vitabu vya uchumi vilivyotawala wakati huo vingesema wa kwanza atoe kidogo kabisa na wa pili apokee, kwa kuwa kidogo ni bora kuliko kukosa. Wasangu hawakufanya hivyo. Kwa wastani walitoa asilimia 41 hadi 42 ya fedha zote. Waorma wa Mto Tana, Kenya, walitoa asilimia 44. Wahadza wa Ziwa Eyasi kama theluthi moja. Wamachiguenga wa misitu ya Peru karibu robo. Utafiti huo wa jamii 15, ulioongozwa na Joseph Henrich na kuchapishwa mwaka 2001, uliivuruga sana picha ya binadamu mmoja anayepiga hesabu ya ubinafsi kila mahali. Ulionyesha kwamba watu hugawana kwa kufuata namna walivyozoea kufanya kazi na biashara pamoja.

Tangu hapo habari hiyo imesimuliwa katika mihadhara na podikasti nyingi za Kiingereza. Mtu wa Chicago anayesikiliza vipindi vya uchumi akiwa kwenye treni ana nafasi nzuri zaidi ya kujua Wasangu waligawanaje fedha kuliko mkulima wa ufuta wa Chitete, makao makuu ya Wilaya ya Momba, ingawa hadi mwaka 2016, Songwe ilipokatwa na kuwa mkoa, yeye na Wasangu walikuwa wakazi wa mkoa mmoja wa Mbeya. Momba imewahi kuona jambo la namna hii. Kimondo kilichoanguka Ivuna mwaka 1938 ni maarufu sana kwa wanasayansi, kiasi kwamba kundi zima la vimondo duniani limepewa jina la Ivuna, na kipande chake kinatunzwa London. Lakini ukitaja kimondo mkoani Songwe, mtu atakuelekeza Mbozi, kwenye kile kilichobaki ardhini.

Siku hizi orodha za mihadhara na podikasti za kufikirisha kuhusu jamii, uchumi na tabia za watu hazina uhaba. Hutumwa kwenye makundi ya WhatsApp, huandikwa magazetini, hutajwa na wahamasishaji jukwaani. Nyingi zinafanana: majina kumi ya Kimarekani, sifa moja kwa kila jina, na ahadi kwamba ukisikiliza utabadilika. Hoja yangu ni kwamba orodha hizo zinaanzia pabaya. Zinamtafuta msikilizaji mmoja mwenye simu na vipokea sauti masikioni, kisha zinamwachia yeye peke yake kazi yote ya kufikiri. Historia yetu wenyewe, ambayo imepimwa na watafiti kuliko wengi wanavyodhani, inaonyesha kwamba kipindi cha sauti hubadili mambo pale kinapofika kwa watu waliokaa pamoja, wenye jambo la kuamua. Kwa hiyo anayetaka kupendekeza podikasti Chitete, au Tunduma, au Kamsamba, aanze na kikundi, na orodha ifuate.

Ushahidi mkubwa zaidi una zaidi ya miaka 50. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Haikuwa ya kwanza. Ilitanguliwa na Kupanga ni Kuchagua mwaka 1969, Uchaguzi ni Wako mwaka 1970 na Wakati wa Furaha mwaka 1971, na kila moja ilikuwa kubwa kuliko iliyotangulia. Lakini Mtu ni Afya ilivuka kipimo. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo, na watu wapatao milioni 2 walishiriki, katika nchi ambayo wakati huo haikuwa na watu milioni 15. Kwa majuma 12 vikundi vilikutana, vikasikiliza kipindi, vikasoma kijitabu kwa sauti kwa ajili ya wasiojua kusoma, kisha vikajadili swali moja lisilokwepeka: sisi hapa tutafanya nini juma hili? Malaria ilijibiwa kwa kufyeka vichaka na kufukia madimbwi, kuhara kwa kuchimba vyoo. Vyoo vilivyochimbwa vilihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Budd Hall, Mkanada aliyefanya kazi katika taasisi hiyo na kuandika tathmini yake, alionyesha jambo ambalo watayarishaji wa podikasti wa leo wangefaa kulikariri: redio ilikuwa sehemu ndogo ya kazi. Sehemu kubwa ilikuwa kumwandaa mtu wa kikundi aliyejua kuuliza swali na kuvumilia kimya kabla halijajibiwa.

Msomaji mwenye kumbukumbu atasema mambo hayo yaliendeshwa na chama na serikali, kwamba nyuma ya kikundi alikuwapo balozi wa nyumba kumi, na kwamba miaka hiyo hiyo watu walihamishiwa vijijini wengine kwa nguvu. Ni kweli, na sitaki kuipaka rangi. Sehemu ya vyoo vile ilichimbwa kwa hofu. Lakini shinikizo peke yake halielezi matokeo, maana nchi ilikuwa na amri nyingi wakati huo ambazo hazikuacha kitu. Mtu alipokubali mbele ya jirani zake kwamba choo chake ndicho kinachochafua kisima cha wote, jirani walibaki na neno lake hata baada ya balozi kuondoka.

Kipimo cha pili ni kikali zaidi kisayansi, na kinawahusu moja kwa moja watu wa barabara kuu ya Tanzam. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa redio ulioitwa Twende na Wakati, kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Mhusika wake aliyekumbukwa kuliko wote ni Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, ambaye mwishowe anaugua huku mkewe Tunu akijifunza kusimama mwenyewe. Mtu yeyote anayeijua foleni ya malori pale Tunduma hahitaji kuelezwa kwa nini mhusika huyo alishika. Jambo la pekee ni namna mchezo ulivyopimwa. Kwa miaka miwili, kuanzia 1993 hadi 1995, kituo cha Dodoma hakikuurusha, ili eneo lake lilinganishwe na maeneo mengine yaliyousikia. Everett Rogers, Peter Vaughan na wenzao walikuta kwamba waliosikiliza walipunguza idadi ya wapenzi, walitumia kondomu zaidi na walikwenda kliniki za uzazi wa mpango kwa wingi kuliko wa Dodoma. Baadaye Dodoma nayo ikaanza kurushiwa. Watafiti walipochunguza mabadiliko yalipita njia gani, walikuta mazungumzo: mume na mke, marafiki, wafanyakazi wenza, wakimjadili Mkwaju kana kwamba ni jirani yao. Kumjadili Mkwaju kuliwapa watu nafasi ya kuzungumza juu yao wenyewe bila kutajana.

Hapa ndipo pingamizi zito linapoingia, na ni la Kiswahili pia. Mwaka 2010 mwanasaikolojia Elizabeth Levy Paluck alichapisha utafiti kuhusu mchezo wa redio uliorushwa mashariki mwa Kongo kwa jina la Kumbuka Kesho, uliolenga kupunguza uhasama baina ya jamii. Maeneo fulani yalisikia mchezo peke yake. Mengine yalisikia mchezo na baada yake kipindi cha kuwahimiza wasikilizaji wajadiliane. Baada ya mwaka mmoja wale waliohimizwa kujadiliana walikuwa wamejadiliana kweli. Lakini walikuwa na manung'uniko zaidi, uvumilivu mdogo zaidi, na ugumu zaidi wa kuwasaidia watu wa jamii wasiyoipenda. Mtu anayeamini kwamba mjadala ni dawa ya kila kitu anapaswa kuusoma utafiti huo pole pole. Na kabla ya hapo tayari tulikuwa na mfano mbaya kupita wote, RTLM ya Rwanda mwaka 1994, redio iliyosikilizwa kwa makundi vizuizini huku mapanga yakiwa mikononi.

Lakini Paluck huyo huyo alikuwa amefanya kazi nyingine Rwanda, juu ya mchezo wa Musekeweya, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2009. Huko watu walisikiliza kwa vikundi mwaka mzima. Imani zao za moyoni hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni walivyoona inafaa kutendwa katika jamii yao, pamoja na ujasiri wa kutofautiana hadharani. Mwishoni kila kijiji kilipewa redio na kanda za vipindi, kikaachiwa kiamue vitunzwe vipi. Vijiji vya kulinganisha, ambavyo vilikuwa vimesikiliza kipindi kingine, vilielekea kumkabidhi kiongozi wa eneo. Vilivyokuwa vimesikiliza Musekeweya vilibishana kwanza, kisha vikaamua kuvitunza kwa pamoja. Nikizilinganisha kazi hizi mbili, naona tofauti haiko kwenye kujadili au kutojadili. Kongo, msikilizaji alihimizwa azungumze juu ya maumivu yake popote alipo, na yeyote, bila mtu wa kuuongoza mjadala na bila jambo la kuamua. Watu walioumizwa wakiachwa hivyo, huyarudia malalamiko yao hadi yanakuwa magumu. Rwanda kulikuwa na kikundi kile kile kila mwezi, na mwishoni kulikuwa na kitu mkononi cha kugawana. Tanzania ya 1973 ilikuwa na choo cha kuchimba. Huo ni usomaji wangu, na mwingine anaweza kuupinga kwa kusema vita ya Kongo ilikuwa bado mbichi. Hata hivyo unatosha kumwonya anayetaka kuanzisha kikundi cha wasikilizaji kwa mada ya kabila, dini au uchaguzi. Aanze na mada ambayo mwisho wake ni uamuzi wa pesa, muda au kazi.

Na vikundi vipo. Hakuna haja ya kubuni chombo kipya kwa jina la mradi. VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, hukutana kila juma, vina sanduku, vina katiba, vina faini ya kuchelewa. Vyama vya ushirika vya mazao vina mikutano yao, kwaya zina mazoezi, vijiwe vya bodaboda vina saa nyingi za kusubiri abiria. Nikiulizwa kipi kati ya hivi kinafaa zaidi, nitasema VICOBA bila kusita, kwa sababu pale fedha ziko mezani, na kila mwanachama ana sababu ya kumsikiliza mwenzake hata asipompenda.

Basi wasikilize nini? Ningeanza na mada ambayo Momba na Mbozi zinaijua kwa uchungu: fedha za mavuno huingia kwa pamoja, huisha mapema, na mbolea inapohitajika mfuko ni mtupu. Esther Duflo, mchumi Mfaransa aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Michael Kremer, ana mhadhara wa mwaka 2010 kuhusu majaribio ya kijamii ya kupambana na umaskini, unaopatikana bure mtandaoni. Ndani yake anaeleza jinsi chanjo kamili kwa watoto wa vijiji vya Udaipur, India, ilivyokuwa asilimia 6, ikapanda hadi asilimia 17 huduma ilipopelekwa karibu kila mwezi bila kukosa, na kufika asilimia 38 mzazi alipopewa kilo moja ya dengu kila anapomleta mtoto. Ni mhadhara mfupi wenye mifano ya kubishaniwa: je, ni halali kumpa mzazi chakula ili afanye kilicho kheri kwa mwanawe? Lakini kilicho karibu zaidi na Chitete ni utafiti mwingine wa Duflo na Kremer, waliofanya na Jonathan Robinson huko Busia, magharibi mwa Kenya, kwa mpango walioupa jina la SAFI. Mkulima alitembelewa mara tu baada ya mavuno, akapewa nafasi ya kulipia mbolea ya msimu ujao papo hapo, na kupelekewa bila gharama ya usafiri. Punguzo lilikuwa dogo mno. Hata hivyo ongezeko la waliotumia mbolea lilikaribiana na lile la kupunguza bei kwa nusu wakati wa kupanda. Ofa ile ile ya usafiri wa bure ilipotolewa baadaye, fedha zikiwa zimekwisha, haikuleta matokeo kama hayo. Wakulima walikuwa wanaitaka mbolea muda wote. Kilichokuwa kinawashinda ni kuilinda fedha kati ya mavuno na mvua.

Ukiyaweka matokeo hayo mbele ya kikundi cha wakulima, hayabaki kuwa habari za Busia. Tanzania imekuwa na ruzuku ya mbolea tangu msimu wa 2022/2023, na mjadala wetu wa hadharani umekuwa juu ya bei na foleni za kuipata. Swali la siku ya kulipa halijapata nafasi ya kutosha, ingawa kikundi kinaweza kulijibu chenyewe bila kumsubiri waziri. Karibu yake nauweka utafiti wa Marshall Burke, Lauren Bergquist na Edward Miguel, uliochapishwa mwaka 2019, kuhusu wakulima wa mahindi wa magharibi mwa Kenya waliopewa mkopo wakati wa mavuno ili wasiuze mahindi bei ikiwa chini. Waliyatunza, wakauza baadaye, wakapata faida. Ila kulikuwa na jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita: pale waliokopa walipokuwa wengi katika eneo moja, bei ya soko ilitulia, faida ya mkopaji mmoja mmoja ikapungua, na wasiokopa nao wakafaidika. Anayeuza ufuta kwa stakabadhi ghalani, mfumo wenye sheria yake tangu mwaka 2005, ambapo mzigo unakusanywa kupitia AMCOS, yaani chama cha ushirika cha mazao, na kusubiri mnada, ana mengi ya kusema juu ya nani anafaidika kwa kusubiri na nani anaumia.

Kuhusu umaskini na akili yenyewe, upo mhadhara wa Mholanzi Rutger Bregman wa mwaka 2017, unaotetea kwamba umaskini ni ukosefu wa fedha na wala si udhaifu wa tabia. Anategemea, pamoja na mengine, utafiti wa mwaka 2013 wa wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India, ambao walifanya vibaya zaidi kwenye mitihani ya kufikiri kabla ya mavuno kuliko baada ya kulipwa, wakiwa watu wale wale. Naupendekeza kwa tahadhari. Hoja yake inamvua mkulima lawama ambayo watumishi wa ofisini hupenda kumtwisha, na hilo ni jema. Lakini Bregman anateleza haraka kutoka kwenye jaribio moja hadi kwenye sera ya kumgawia kila mtu fedha, na takwimu za jaribio lile zilipingwa na watafiti wengine mwaka ule ule. Kikundi kinachosikiliza kiwe na mtu wa kusema: simamisha hapo, hili limethibitishwa au anatamani liwe kweli?

Swali hilo lina sababu. Mihadhara kuhusu tabia za watu ina uozo wake. Mwaka 2012 Amy Cuddy aliwaambia mamilioni kwamba kusimama kwa kujitanua dakika 2 hubadili homoni za mwili na kuleta ujasiri. Waliorudia jaribio kwa watu wengi zaidi hawakuona badiliko la homoni, na mwaka 2016 Dana Carney, mwandishi mwenzake wa utafiti, alisema hadharani kwamba haamini tena kuwa matokeo yale ni ya kweli. Hadithi ya mtoto anayeweza kuivumilia peremende na hivyo kufanikiwa ukubwani, ambayo wahamasishaji wetu wanaipenda mno, ilipimwa upya mwaka 2018 kwa watoto zaidi ya 900: uhusiano ulipungua kwa nusu, na sehemu kubwa ya uliobaki ilielezwa na hali ya nyumbani. Watoto wa Wanso wa Kameruni walipofanyiwa jaribio kama hilo, wengi waliisubiri zawadi kwa utulivu kuliko wenzao wa Ujerumani. Ningependa kusikia mhamasishaji akilieleza hilo jukwaani, baada ya kutuambia kwamba Mwafrika hana subira.

Vijana wapewe William Kamkwamba wa Malawi, nchi iliyo ng'ambo tu ya Mto Songwe ukitokea Ileje. Alisimama Arusha mwezi Juni 2007, kwenye mkutano wa TED uliofanyika huko, akaeleza kwa dakika chache na Kiingereza cha kusitasita jinsi alivyojenga kinu cha upepo kwa vyuma chakavu baada ya njaa ya 2001 na 2002 kumwondoa shuleni. Kwa kawaida habari yake husimuliwa kama ushujaa wa mtu mmoja. Kikundi kiulize swali lingine: kile kitabu chenye picha ya kinu kilifikaje kwenye maktaba ya shule ya msingi kijijini kwao? Mjadala ukianzia hapo, utaishia kwenye shule za Momba na nani anazipelekea vitabu.

Kwa Kiswahili, cha kwanza kwangu ni hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Mei Mosi 1995, iliyotolewa Mbeya, Uwanja wa Sokoine, na ambayo sauti yake bado inazunguka kwenye simu za watu. Wengi huikumbuka kwa utani wake na kwa yale aliyosema juu ya Ikulu. Mimi naona kiini chake ni cha uchumi wa kodi: kwamba serikali iliyooza kwa rushwa haiwezi kukusanya kodi kwa wakubwa, hivyo hubaki kuwakimbiza wadogo. Kwa mji wa mpakani kama Tunduma, wenye Kituo cha Huduma za Pamoja Mpakani kilichozinduliwa mwaka 2019 na wenye wabeba mizigo wanaovuka Nakonde na kurudi kila siku, hiyo ni hoja ya kupimwa leo, kwa risiti mkononi. DW Kiswahili nayo ina vipindi vyake vya Noa Bongo Jenga Maisha Yako, vilivyoanza mwaka 2008, ambavyo kwa ubora vinapanda na kushuka ila vimetengenezwa kwa ajili ya kusikilizwa na kubishaniwa na vijana.

Zaidi ya hapo orodha ya Kiswahili inakonda haraka, na si kwa sababu hatuna wasemaji. Kigoda cha Mwalimu Nyerere katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho Profesa Issa Shivji alikuwa wa kwanza kukikalia mwaka 2008, kimeleta mihadhara mikubwa, lakini mingi kwa Kiingereza. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni zilimtaka mtu mwenye blogu au redio ya mtandaoni alipe shilingi 100,000 za maombi na 1,000,000 za leseni. Masharti yalilegezwa baadaye, lakini miaka ile ya kwanza, ambayo wenzetu wa nchi nyingine walikuwa wanajifunza ufundi wa podikasti, sisi tuliitumia kuhofia faini.

Atakayesema mkulima anahitaji mtaji na si mihadhara, nitamkumbusha SAFI: fedha ya mbolea ilikuwapo, ikapotea njiani kwa kukosa mpango. Gharama ya bando ni pingamizi zito zaidi, ila lina ufumbuzi wa kienyeji. Vibanda vya kuchajia simu na kuingizia nyimbo kwenye memori kadi tayari vinafanya kazi ya usambazaji bila intaneti. Kipindi cha dakika 20 kikishushwa mara moja kinaweza kuhama kutoka simu hadi simu kwa blutuuthi bila mtu kulipia tena. Kinachohitaji fedha ni kuitafsiri mihadhara hii na kuisimulia upya kwa Kiswahili chenye mifano ya ufuta na mpunga, kwa ridhaa ya wenyewe. Halmashauri zina mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana kinachoomba fedha za bodaboda hakimshangazi ofisa maendeleo ya jamii. Cha kurekodi vipindi kitamshangaza, na atakuwa sahihi kuuliza kitarejeshaje. Jibu ni kwamba VICOBA 30 vikichanga shilingi 2,000 kwa kila kipindi, hizo ni shilingi 60,000, na kikundi kinacholipia kitapata haki ya kukataa kipindi kibovu, jambo ambalo hakuna mfadhili anayelipenda. Kipindi cha kwanza kiwe cha SAFI, na kiwe mikononi mwa vikundi malipo ya mnada wa ufuta yanapoanza kuingia, maana kikisikilizwa Novemba, wakati wa kupanda, wenye fedha ya kulipia watakuwa wachache.